FANNIE FARMER: BIBI WA KIPIMO CHA MFUTO

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo tumeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, hata wino ukakauka. Lakini hebu simama nje ya darasa la kidato cha tatu uulize kibaba chenyewe ni nini. Wengi watakuna kichwa. Mimi pia nilikuwa mmoja wao hadi mwaka jana, nilipopatwa na yaliyonipata.

Kibaba ni chombo cha kupimia nafaka. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Wazee wa pwani walikitumia kibaba kwa namna mbili. Palikuwa na kibaba cha tele, yaani nafaka imerundikwa hadi ikafanya kichuguu juu, na palikuwa na kibaba cha mfuto, yaani kilichopanguswa juu kikawa sawasawa na ukingo wake. Chombo ni kile kile, lakini aliyepimiwa kwa tele na aliyepimiwa kwa mfuto hawafiki nyumbani na chakula sawa.

Katika kurasa kama hizi wenzangu hupenda kuandika maisha ya majemedari, washairi na wapigania uhuru. Si vibaya. Mimi leo nawaletea maisha ya mwanamke ambaye hakuwahi kushika mkuki wala bunduki. Alishika kikombe na kisu butu tu, na kwa vitu hivyo viwili akawafunza mamilioni ya watu kupika. Jina lake ni Fannie Merritt Farmer. Kabla sijafika kwake, niruhusu nikueleze nilivyomfahamu, maana nilimfahamu kwa njia ya aibu.

Mamangu ana kibanda hapa Nakuru, ambapo huuza mandazi asubuhi na keki ndogo ndogo jioni. Keki zake hazina mfano. Yeye haoki kwa jiko la stima. Huweka mchanga katika sufuria kubwa, huingiza sufuria ndogo ndani yake, hufunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Hana kitabu wala mizani. Kipimo chake ni kiganja, na macho yake ndiyo saa. Karo yangu na ya ndugu yangu mdogo imetoka katika kile kiganja.

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Agosti, nyanya yetu aliugua kule Molo, ikabidi mama aende kumuuguza. Alituacha na akiba ya unga, sukari na majarini, na oda moja ya keki kubwa ya siku ya kuzaliwa, ambayo jirani alikuwa amelipia nusu ya bei. Wenzangu wa darasa, msicheke. Mimi ni mvulana, naam, lakini mimi ndiye kifungua mimba, na keki haikuwa na mtu mwingine wa kuioka. Nilimpigia mama simu nikamuuliza unga kiasi gani. Akanijibu niweke mpaka nione unatosha. Nikauliza na maziwa je. Akasema mkono wangu utaniambia. Sasa mkono wangu uniambie nini, na haujawahi kuoka hata siku moja?

Nikakimbilia kitabu kikuukuu cha upishi nilichokuwa nimeazima, kitabu cha Kimarekani. Kiliandika vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maziwa. Nikaona mambo ni rahisi. Nikachukua lile magi letu kubwa la bati, nikalichovya kwenye unga na kushindilia kwa kidole ili nisipunje. Mara mbili. Kwa kuwa magi sasa lilikuwa limejaa unga, maziwa na sukari nikapima kwa kikombe kidogo cha chai. Si vyote ni vikombe?

Lo! Keki iliyotoka humo ilikuwa jiwe la kusagia. Kisu kiligoma. Ndugu yangu alisema tungeipeleka kwa fundi aongezee ukuta wa choo. Jirani alikuja jioni, akaitazama, hakusema neno. Pesa zake nilimrudishia kutoka zile mama alizotuachia za matumizi, na kwa siku tatu zilizofuata tulikula keki ile ile kwa kuilowesha katika chai. Mama aliporudi hakunichapa. Alinyamaza tu, na nyinyi mnajua kunyamaza kwa mama kunavyouma kuliko kiboko.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa sayansi kimu na kumweleza mkasa wangu. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaniuliza kikombe nilichotumia kilikuwa cha nani. Sikuelewa swali. Ndipo akaniambia habari za Fannie Farmer, na baadaye nikatafuta na kusoma zaidi mwenyewe.

Fannie alizaliwa tarehe 23 Machi mwaka 1857, katika mji wa Boston, jimbo la Massachusetts, huko Marekani. Baba yake, John Franklin Farmer, alikuwa mpiga chapa, na mama yake aliitwa Mary Watson Merritt. Katika mabinti wao wanne Fannie ndiye aliyekuwa mkubwa. Wazazi hao hawakuwa matajiri, lakini waliamini kwamba mtoto wa kike naye asome. Jambo hilo halikuwa la kawaida sana zama zile. Walimpeleka shule ya upili huko Medford, karibu na Boston, na nia yao ilikuwa aendelee hadi chuo.

Mja hunena, Mungu hunuia. Akiwa na umri wa miaka 16, Fannie alipatwa na ugonjwa uliompooza. Waandishi wengine wameuita kiharusi, na wengine wamedhani ulikuwa polio. Vyovyote vile, miguu ilikataa. Masomo yakakatika hapo hapo. Ndoto ya chuo ikazimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta.

Msomaji, mimi pia nina miaka 16. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini kwanza. Nilijaribu kufikiri ingekuwaje kama Jumatatu moja ningeamka nisiweze kushuka kitandani, na wenzangu waendelee na kidato cha tatu, kisha cha nne, wafanye mtihani, waende zao, na mimi nibaki nikihesabu mabati ya dari. Fannie alikaa hivyo miaka, si wiki. Alilelewa nyumbani kama mtoto mchanga ilhali alikuwa msichana mzima.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Polepole nguvu zilianza kurudi. Alianza kusimama, akaanza kutembea, ingawa alichechemea, na kule kuchechemea hakukumwacha tena maishani. Alipoweza kusimama ndipo alipoingia jikoni. Nyumba yao ilikuwa imegeuzwa kuwa nyumba ya kupangisha wageni, nao wageni walihitaji kula. Fannie akapika, na chakula chake kikaanza kusifiwa.

Hapa ni lazima nieleze upishi wa siku hizo ulivyokuwa. Maelekezo mengi yaliandikwa kana kwamba msomaji tayari anajua kupika. Yalisema utie siagi ukubwa wa yai, au ukubwa wa lozi. Yalisema utie kikombe cha chai cha hiki, glasi ya divai ya kile, chumvi ya ncha ya vidole, unga wa kutosha. Sasa yai la nani, la kuku gani? Na vidole vya nani? Mwenye mama mpishi aliziba mapengo hayo kwa kumtazama mamaye. Asiyekuwa naye aliungua. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, maana ilikuwa ni kama ile simu yangu ya Molo.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 30, umri ambao wengi hudhani mtu amekwisha kupita shule, Fannie alijiandikisha katika Shule ya Upishi ya Boston. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1879 ili kuwafunza wanawake upishi kwa njia ya kisayansi. Fikiria mwanafunzi wa miaka 30, anayechechemea, ambaye masomo yake yalikatika akiwa na 16. Alihitimu mwaka 1889, na alifanya vizuri hivi kwamba wakamwajiri kuwa msaidizi wa mkuu wa shule. Baada ya miaka michache akawa mkuu mwenyewe.

Nataka niwe mkweli, nisije nikampaka Fannie mafuta kwa mgongo wa chupa. Si yeye aliyekuwa wa kwanza kutumia vipimo katika shule ile. Mary Lincoln, aliyemtangulia kuiongoza, alitoa kitabu chake cha upishi mwaka 1884, nacho kilikwisha kuanza kazi ya kupanga vipimo. Alichofanya Fannie ni kulishika jambo hilo na kulifikisha mwisho, bila kuchoka na bila kuacha mwanya.

Mwaka 1896 alikamilisha kitabu chake, The Boston Cooking-School Cook Book. Kilikuwa na mapishi zaidi ya 1,800. Akawapelekea wachapishaji Little, Brown and Company wa mji huo huo wa Boston. Hao hawakuamini kwamba kitauzika. Walikubali kuchapa nakala 3,000 tu, na gharama alipe mwandishi mwenyewe. Wengine tungekata tamaa hapo. Fannie alilipa, na kwa kuwa alilipa yeye, haki za kitabu zikabaki mikononi mwake. Kitabu kikanunuliwa, kikachapwa tena, na tena, na tena. Kwa miaka iliyofuata nakala zake zimefika mamilioni, na wachapishaji waliojifanya werevu wakabaki wauzaji wa mali ya mwanamke waliyemdharau. Ama kweli, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.

Siri ya kitabu hicho ni nini? Ni mfuto, msomaji. Ni ule ule mfuto wa kibaba. Fannie alieleza kwamba kikombe cha kupimia kiwe cha ujazo mmoja unaojulikana, nusu painti ya Kimarekani, ambayo ni kama mililita 237 kwa vipimo vyetu. Unga uchekechwe kwanza. Utiwe kikombeni kwa kijiko, kidogo kidogo, hadi ujae na kuinuka kidogo. Kikombe kisitikiswe. Kisha mgongo wa kisu upite juu na kupangusa kilichozidi. Kijiko nacho vivyo hivyo, kipanguswe. Mambo ya kurundika yakaisha. Ndiyo sababu Wamarekani wakampa lakabu ya mama wa vipimo vya mfuto.

Wengine waliona ni ushamba kupangusa kijiko cha chumvi kwa kisu. Mimi naona ilikuwa heshima kwa mtu asiye na mwalimu. Msichana aliyeolewa mbali na kwao, mfanyakazi wa nyumbani aliyetoka nchi nyingine, mvulana aliyeachiwa oda ya keki na mama aliyekwenda Molo, wote hao walipewa nafasi sawa na binti wa mpishi hodari. Kipimo cha mkono huenda na mwenye mkono. Mkono ukiugua au ukizikwa, kipimo kimezikwa pia. Kipimo kilichoandikwa hubaki mezani kwa kila mtu.

Sasa sikiliza upande wa pili. Baada ya kusoma hayo nilidhani nimemaliza kazi. Mwalimu wangu wa sayansi kimu akanizindua. Alisema kikombe, hata kikiwa cha mfuto, hupima nafasi, hakipimi uzito. Akaniombea ruhusa kwa mwalimu wa fizikia, nikaingia maabara jioni tatu mfululizo na mizani, silinda ya kupimia, pakiti ya unga wa ngano wa kawaida, sukari na majarini.

Kwanza nilimimina mililita 237 za maji katika kopo la plastiki, nikatia alama, nikalikata kopo sawasawa kwenye alama ile. Hapo nikawa na kikombe cha Fannie Farmer, kimetengenezwa Nakuru. Nikaweka kopo tupu juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikaanza.

Nilipotia unga kwa kijiko na kupangusa kwa kisu, nilipata gramu 121, kisha 124, kisha 123. Nilipochovya kopo ndani ya unga na kupangusa, nilipata gramu 139, kisha 155, kisha 148. Kopo ni lile lile! Unga ni ule ule! Tofauti ni pumzi iliyomo kati ya chembe za unga. Ukiuchekecha, unashika hewa na kufura. Ukiushindilia, hewa inatoka na unga mwingi zaidi unaingia. Ni ile densiti tuliyoisoma kidato cha kwanza tukidhani ni ya mawe na maji pekee.

Kisha nikapima sukari, kikombe kikawa karibu gramu 200. Majarini iliyoshindiliwa bila mashimo ikawa karibu gramu 227. Maziwa yakawa gramu 240 na kitu. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kugeuza vikombe kuwa gramu. Mtu akikuambia ati kikombe kimoja ni gramu 200, muulize kikombe cha nini. Kila kitu kina hesabu yake.

Hatimaye nikaleta lile magi letu la bati kutoka nyumbani, shahidi mkuu wa kesi. Lilichukua mililita 350 za maji. Unga nilioushindilia ndani yake kama siku ile ulikuwa gramu 220. Mara mbili, gramu 440. Kitabu kilitaka vikombe viwili, yaani kama gramu 250. Na kile kikombe cha chai nilichopimia maziwa na sukari kilichukua mililita 180 tu. Basi unga niliuongeza karibu mara moja na robo tatu, na maziwa nikayapunguza kwa robo. Ingekuwa ajabu kama ingetoka keki.

Nawe usidhani Fannie hakuyajua haya. Ndani ya kitabu chake aliweka jedwali la kulinganisha vipimo na uzito. Humo vikombe vinne vya unga vinafanya ratili moja, na vikombe viwili vya siagi iliyoshindiliwa vinafanya ratili moja, na sukari vile vile viwili. Ratili hiyo ya Kiingereza ni gramu 454. Kwa hiyo kikombe chake cha unga kilikuwa kama gramu 113, chepesi kuliko changu, kwa sababu yeye aliuchekecha kwanza. Aliwapa watu kikombe kwa kuwa kikombe ndicho walichokuwa nacho jikoni. Lakini mlango wa mizani aliuacha wazi, na nchi nyingine za ulaya wapishi wao hupima kwa gramu hadi leo.

Turudi kwenye maisha yake. Mwaka 1902 aliiacha ile shule akafungua yake mwenyewe, Shule ya Upishi ya Bi Farmer, hapo hapo Boston. Hakutaka kufunza wapishi wa matajiri tu. Alilenga wanawake wa majumbani na wauguzi. Moyo wake hasa ulikuwa kwa wagonjwa, na si ajabu, kwani yeye mwenyewe aliwahi kuwa yule anayeletewa uji kitandani. Mwaka 1904 alitoa kitabu juu ya chakula cha wagonjwa na wanaopata nafuu, na ndani yake akaandika pia juu ya chakula cha wenye kisukari. Kumbuka insulini ilikuwa haijapatikana. Ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922. Kabla ya hapo, mgonjwa wa kisukari alitegemea sana kile kinachopimwa jikoni. Fannie aliitwa hata kutoa mihadhara katika chuo cha udaktari cha Harvard. Msichana ambaye hakuwahi kufika chuo akawa anawafunza madaktari wa chuo kikuu!

Pamoja na dada yake Cora aliandika pia safu ya mapishi katika jarida la akina mama lililoitwa Woman's Home Companion. Hakuolewa. Nywele zake zilikuwa nyekundu, na wanaosimulia habari zake husema alikuwa mchangamfu, mwenye kupenda kula vizuri na kuonja kila kitu kipya.

Ugonjwa haukumsahau. Katika miaka yake ya mwisho miguu ilikataa tena, akawa wa kiti cha magurudumu. Aliendelea kufundisha akiwa ameketi. Siku kumi hivi kabla ya kufa alikuwa bado anatoa mhadhara. Alifariki tarehe 15 Januari 1915, akiwa na umri wa miaka 57. Shule yake iliendelea baada yake, na kitabu chake, ambacho sasa huitwa kwa jina lake, kimefanyiwa marekebisho mara nyingi na kuendelea kuchapwa.

Labda utauliza, haya ya Boston yanatuhusu nini sisi wa Bonde la Ufa? Ngano inapandwa hapa Njoro kando yetu, na huko kuna kituo cha utafiti wa ngano tangu mwaka 1927. Unga tunasaga wenyewe. Kinachotuponyoka ni kipimo. Nenda soko lolote hapa mjini ukatazame gorogoro. Wapo wachuuzi waaminifu, na wapo wanaogonga kitako cha mkebe hadi kikaingia ndani, ama kukandamiza kando. Mkebe kwa nje ni ule ule, ila mahindi yamepungua. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Na hata bila wizi, gorogoro ya mahindi na gorogoro ya unga hazina uzito mmoja, kama vikombe vyangu vya maabara. Anayejua hivyo hadanganyiki kwa urahisi.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu. Boston iko kando ya bahari. Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na keki huumuka haraka kuliko inavyoweza kujishika, kisha ikadidimia katikati. Kwa hiyo maelekezo ya Boston yakifika hapa hupunguzwa bekingi pauda kidogo na kuongezwa maziwa kidogo. Lakini utapunguza na kuongeza nini kama hukujua ulianza na kiasi gani? Mwenye gramu anajua alichobadilisha, na kesho anaweza kukirudia.

Mwezi wa Desemba nilimwomba mama ruhusa ya kuoka tena. Alisita. Nikanunua mizani ndogo ya mitumba kwa pesa nilizopata kwa kufyeka nyasi za watu. Nikamwomba jambo moja tu: yeye apime kwa kiganja chake kama kawaida, na kabla hajamwaga bakulini, amimine kwenye mizani yangu. Aliona ni mchezo wa watoto, lakini alikubali. Siku tano nilimfuata kama kivuli na daftari. Na hapa, msomaji, nilipata funzo ambalo sikulitarajia. Kiganja cha mama hakikuwa cha kubahatisha. Unga wake siku zote tano haukupishana hata kwa gramu kumi. Miaka kumi na tano ya kuoka imeufanya mkono ule kuwa mizani. Nilikwenda kumsahihisha, nikarudi na adabu.

Sasa zile gramu zimeandikwa kwenye karatasi, nimezibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Magi la bati nimelichora mstari ndani kwa msumari, hapo unga unapofika gramu 125 ukitiwa kwa kijiko bila kushindiliwa. Pakiti moja ya kilo mbili inatoa vipimo 16 vya namna hiyo, kwa hiyo mama anajua kabla ya kuwasha jiko kwamba atapata keki ngapi na faida kiasi gani. Mwezi wa pili alipokwenda tena Molo, kibanda hakikufungwa. Yule jirani alirudi, akanunua keki mbili. Hakusema neno safari hii pia, lakini kesho yake aliagiza nyingine.

Vijana wenzangu, sisi sote tuna mama, shangazi au nyanya ambaye mkono wake ni mizani. Usingoje mkono huo uchoke. Chukua kikombe cha nyumbani kwenu, kijaze maji, upime kinachukua kiasi gani. Kisha upime unga, sukari, mchele, uandike. Ni kazi ya jioni moja. Fannie Farmer aliifanya kazi hiyo kwa miguu isiyomtii, na sisi tuna miguu mizima.

Kalamu naiweka chini. Kibaba changu kimejaa, nami nimekipangusa.